Kutopatana kwa Dawa Kitiba: Utambuzi na Uzuiaji Wake katika Mazingira ya Milepa, Bonde la Ziwa Rukwa

Kata ya Milepa imo katika Bonde la Ziwa Rukwa, chini ya safu ya Lyambalyamfipa, ilhali mji wa Sumbawanga uko juu, katika uwanda wa Ufipa wenye baridi. Tofauti hiyo ya mwinuko ina uzito wake kwa mtoa dawa. Bondeni kuna joto na mbu, na malaria husumbua kuliko uwandani. Hospitali ya rufaa ya mkoa, kwa upande mwingine, iko mjini. Mgonjwa mmoja anaweza kupewa dawa ya malaria katika zahanati ya jirani, dawa za kifua kikuu katika kituo cha afya, dawa za shinikizo la damu kutoka Sumbawanga, kisha akanunua vidonge vya maumivu katika duka la dawa muhimu kijijini. Kila cheti kikisomwa peke yake ni sahihi. Kasoro huzaliwa pale vyeti hivyo vinapokutana ndani ya mwili mmoja, na ndiyo inayofafanuliwa katika makala haya.

Wataalamu wa famasi hutofautisha kutopatana kwa dawa kwa namna tatu: kimwonekano, kikemikali na kitiba. Namna mbili za kwanza hutokea nje ya mwili, aghalabu ndani ya bomba la sindano au chupa ya dripu. Seftriaksoni ikichanganywa na maji ya dripu yenye kalsiamu, kama vile Ringer, huweza kuganda na kufanya chembechembe, jambo lililo hatari zaidi kwa mtoto mchanga. Ampisilini na jentamaisini, ambazo mtoto mchanga mwenye maambukizi hupewa pamoja, hazipaswi kuvutwa katika bomba moja kwa sababu ya kwanza huidhoofisha ya pili. Kinga yake ni nyepesi: kila dawa na bomba lake.

Kutopatana kitiba hakuonekani kwa macho. Vidonge ni vizima, havijapitwa na muda, na mgonjwa anavimeza kama alivyoelekezwa. Ila matokeo yanakuwa kinyume cha kusudi la aliyeandika cheti. Mgonjwa wa pumu anayepuliza salbutamoli akiandikiwa propranololi kwa ajili ya moyo, dawa moja inafungua njia ya hewa na nyingine inaifunga. Wakati mwingine dawa ni ile ile yenye majina mawili: parasetamoli imo katika vidonge vya maumivu na imo pia katika vidonge vingi vya mafua, na mgonjwa hajui kwamba amekunywa dozi mbili.

Kifua kikuu kinastahili kutazamwa kwa kina, kwani rifampisini, dawa kuu ya ugonjwa huo, huingiliana na dawa nyingi mno. Rifampisini huliamsha ini litengeneze kwa wingi vimeng'enya vinavyovunjavunja dawa. Ini likiisha kuamshwa halichagui: huvunja dolutegraviri inayodhibiti VVU, na huvunja pia homoni za vidonge na vipandikizi vya uzazi wa mpango. Mwanamke mwenye kijiti mkononi anaweza kupata mimba asiyoitarajia, asijue kwamba kilichomponza ni dawa ya kifua. Kwa mtu mzima anayetumia dolutegraviri ya miligramu 50 mara moja kwa siku, mwongozo unataka aongezewe kidonge kingine cha miligramu 50 baada ya saa 12. Nyongeza hiyo haikomi siku rifampisini inapokoma, bali huendelea kwa wiki mbili zaidi, kwa sababu ini huchukua muda kutulia. Wiki hizo mbili husahaulika kwa urahisi: kadi ya kifua kikuu imefungwa, mgonjwa amepongezwa kwa kupona, na hakuna cheti kipya kinachomkumbusha mtu yeyote.

Hata hivyo, kielelezo kinachofaa zaidi kwa bonde ni cha mama mjamzito. Kuanzia miezi mitatu ya pili ya ujauzito, mama hupewa salfadoksini-pirimethamini, yaani SP, kwa ajili ya kuzuia malaria, kwa vipindi visivyopungua mwezi mmoja kati ya dozi na dozi. Humeza vidonge vitatu palepale kliniki mbele ya muuguzi. Ikiwa mama huyo anaishi na VVU na anatumia septrini kila siku kama kinga, SP haipaswi kumfikia. Dawa zote mbili zina salfa, na zote hushambulia njia moja ya vimelea ya kutengeneza foleti. Zikitumiwa pamoja huongeza hatari ya madhara makali ya ngozi na ya damu, wala hazimpi mama faida ya ziada, kwa kuwa septrini yenyewe humkinga dhidi ya malaria. Kuna na la tatu, dogo kwa umbo: asidi ya foliki. Kiasi kidogo cha miligramu 0.4 kinachotolewa pamoja na madini ya chuma hakina tatizo, lakini kidonge cha miligramu 5 kila siku huipunguzia SP nguvu. Vidonge vyote viwili huitwa foliki, na kwa macho ya mgonjwa ni kitu kimoja. Madini ya chuma nayo hushikamana na dolutegraviri tumboni na kuizuia isifyonzwe. Humezwa pamoja wakati wa chakula, au dolutegraviri hutangulia kwa saa 2.

Hapa ndipo ugumu wenyewe ulipo. SP hutolewa na muuguzi wa kliniki, si na mfamasia, na hutolewa papo hapo. Kosa halipitii dirisha la dawa ambapo lingeweza kukamatwa. Pia mama anayeogopa maneno ya majirani anaweza kuchukua dawa za VVU mbali na kwao na kuificha kadi yake anapokwenda kliniki ya kijijini. Kumuuliza mbele ya foleni kama anatumia ARV ni kumfanya akane. Swali lenye tija huulizwa faraghani, na huulizwa kila mama bila kubagua: "Mama, kuna dawa yoyote unayokunywa kila siku, hata kama si ya hapa? Septrini je? Umewahi kupata vipele baada ya kunywa dawa ya salfa?" Mama anaweza kujibu kuhusu septrini bila kulazimika kutaja ugonjwa.

Maduka ya dawa muhimu, ambayo mpango wake ulianzia Ruvuma mwaka 2003 na kufika Rukwa katika awamu zilizofuata, yamesogeza dawa karibu na wanavijiji. Watoa dawa wake wamepewa mafunzo mafupi na hawatarajiwi kukariri kila mwingiliano. Wanachoweza kufanya ni kutouza kitu kwa mwanamke wa umri wa kuzaa kabla ya kuuliza habari ya ujauzito, na kumrudisha kituoni mgonjwa anayetaja dawa ya kifua kikuu.

Mfamasia akigundua kutopatana hana ruhusa ya kufuta cheti kwa kalamu yake. Humrudia aliyekiandika, ana kwa ana au kwa simu, akiwa na hoja na dawa mbadala mkononi. Mganga mwenye foleni ndefu hupokea pendekezo kwa wepesi kuliko lawama. Makubaliano huandikwa kwenye cheti pamoja na tarehe na saini. Ikiwa madhara yamekwisha kutokea, fomu ya njano hujazwa kwa ajili ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.

Kadi ya kliniki nayo inahitaji alama itakayomzuia muuguzi wa zamu nyingine asitoe SP mwezi ujao. Lakini kadi hiyo hukaa nyumbani, na husomwa na mume, wifi na mama mkwe. Maneno "asipewe SP, ana mzio au anatumia dawa ya salfa" hutosha kumkinga mama, na hayamwelezi msomaji mwingine kisa chake.