Mtandao Usio na Waya: Kiwango Gani Kinafaa Vifaa vya Zamani na Vipya?

Shule au chuo cha Rumonge kinapotaka kuweka intaneti isiyo na waya, hukabiliwa na swali moja: vifaa havilingani umri. Mwalimu ana simu mpya, maktaba ina kompyuta za msaada za miaka ya 2000, na mwanafunzi ana kompyuta aliyoachiwa na kaka yake. Tukinunua ruta isiyofaa, mwanafunzi huyo ndiye atakayekosa makala, kamusi na mitihani ya mazoezi. Makala hii inaeleza namna ya kuchagua.

Kwanza, kiwango ni nini? Ni makubaliano ya mawasiliano. Katika soko la Rumonge, mvuvi wa hapa, mnunuzi wa mawese na mgeni kutoka Kigoma au Uvira huelewana kwa Kiswahili, ingawa kila mmoja ana lafudhi yake. Vifaa navyo vinahitaji lugha ya pamoja.

Viwango vya Wi-Fi hutolewa na IEEE, taasisi ya kimataifa ya wahandisi wa umeme, chini ya namba 802.11. Herufi inayofuata huonyesha toleo:

- b (1999): megabiti 11 kwa sekunde, masafa ya gigahezi 2.4;
- g (2003): megabiti 54, masafa yaleyale;
- n (2009), yaani Wi-Fi 4: gigahezi 2.4 na 5;
- ac (2013), yaani Wi-Fi 5: gigahezi 5 tu;
- ax (2021), yaani Wi-Fi 6: gigahezi 2.4 na 5.

Pili, tuangalie masafa kabla ya kasi. Katika gigahezi 2.4, ruta ya n huweza kuwasiliana na kifaa cha g, na hata cha b ikiwa haikuzuiwa katika mipangilio. Lakini kompyuta ya b au g haisikii kabisa gigahezi 5. Hivyo basi, tununue ruta yenye masafa yote mawili. Vifaa vipya vitumie gigahezi 5, ambayo ina kasi zaidi. Vya zamani vibaki kwenye 2.4, ambayo hupenya kuta vizuri zaidi na kufika mbali.

Tatu, uelewano huo una gharama. Kifaa cha b huchukua muda mrefu kutuma ujumbe uleule, na vingine hulazimika kungoja zamu. Iwapo kimebaki kimoja tu, afadhali kiunganishwe kwa waya, au kinunuliwe kipokezi kidogo cha USB cha kiwango cha n, mradi programu ya kompyuta hiyo inakikubali.

Nne, usalama. Vifaa vya kale sana hujua kufuli la WEP pekee, ambalo udhaifu wake ulifichuliwa mwaka 2001. Tusishushe ulinzi wa shule nzima kwa ajili ya kifaa kimoja. Tuchague WPA2, iliyoanza mwaka 2004, au mseto wa WPA2 na WPA3.

Ndugu msomaji, kabla ya kwenda dukani Bujumbura, orodhesha vifaa vyote na herufi zake. Kisha soma maandishi ya kwenye boksi la ruta: ukiona b/g/n kwa gigahezi 2.4 pamoja na ac au ax kwa gigahezi 5, hiyo itawafaa wote, mwenye kifaa kipya na mwenye cha zamani.