Tulishinda, balipigwa: msimu wa 1974 na kiambishi cha nafsi

Mwezi uliopita nilikwenda Mangobo kwa baba mkubwa, mwalimu mstaafu, nikamwomba anisimulie mwaka 1974 wa timu ya taifa. Alianza kwa furaha: « Mwezi wa tatu tulikamata kombe kule Cairo. Tulibapiga Zambia. » Nikamuuliza: na mwezi wa sita? Akanywa chai kwanza. « Aa, kule Ujerumani balipigwa. Balituletea haya. »

Timu ni ileile, na tarehe zimeachana miezi mitatu. Lakini katika sarufi watu wamehama: tu- imekuwa ba-, yaani wa- ya Kiswahili sanifu. Nataka kueleza uhamaji huo, kwa sababu nadhani ndani yake mna sehemu ya historia ambayo hesabu ya mabao haituambii.

Tukumbuke kwanza matukio. Mwezi wa kumi na mbili 1973, Chui wa Zaire waliifunga Morocco 3-0 mjini Kinshasa, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kufika Kombe la Dunia. Mwezi wa tatu 1974, kwenye Kombe la Afrika huko Misri, waliwatoa wenyeji 3-2 katika nusu fainali. Fainali na Zambia iliisha 2-2, ikarudiwa, Zaire wakashinda 2-0. Mabao yote manne ya mechi hizo mbili yalifungwa na Ndaye Mulamba. Katika mashindano yote alifunga tisa, na mpaka leo hakuna aliyefunga mengi zaidi katika Kombe moja la Afrika.

Kisha ikaja Ujerumani Magharibi. Tarehe 14 mwezi wa sita, Scotland 2, Zaire 0. Tarehe 18, Yugoslavia 9, Zaire 0. Tarehe 22, Brazil 3, Zaire 0. Mabao kumi na manne ya kufungwa, na hata moja la kufunga.

Beki Mwepu Ilunga alieleza miaka mingi baadaye yaliyotokea katikati. Baada ya mechi ya kwanza wachezaji waligundua kwamba malipo waliyoahidiwa hayatawafikia. Wakakataa kucheza, kisha wakakubali, lakini moyo ulikuwa umekwisha. Siku hiyo kocha Blagoje Vidinić, naye Myugoslavia, alimtoa kipa Kazadi baada ya bao la tatu, na Ndaye akafukuzwa uwanjani kwa kosa ambalo yeye mwenyewe alisema siku zote si lake. Kwa maelezo ya Mwepu, baadaye walinzi wa Mobutu walifika hotelini na onyo: mkifungwa na Brazil mabao manne, msirudi nyumbani.

Ndipo tuelewe ile picha ambayo dunia imeicheka miaka hamsini. Brazil wanajiandaa kupiga mpira wa adhabu. Mwepu anachomoka kwenye ukuta na kuupiga mpira mbali. Watangazaji wa Ulaya walisema hajui sheria. Mwepu alijibu kwamba sheria alizijua vizuri, na alifanya makusudi.

Sasa turudi kwenye sarufi. Mwaka 1976 Robert Cialdini na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani na timu zao za futiboli ya Kimarekani. Baada ya ushindi, wanafunzi wengi zaidi walivaa nguo zenye jina la chuo. Na walipoulizwa kwa simu kuhusu mechi, « sisi » ilisikika zaidi kwenye ushindi kuliko kwenye kushindwa. Mtu hujisogeza karibu na utukufu ambao hakuutolea jasho.

Kwa hiyo baba mkubwa hana ugonjwa wa peke yake. Mfaransa husema « on a gagné » na kesho yake « ils ont perdu ». Kwa Kilingala tunasikia « tolongi », halafu « babeti bango ». Lakini Kiswahili kinaongeza jambo la pili, nalo ni kauli ya kutendwa. Katika « tulibapiga Zambia » mtenda yuko wazi mwanzoni mwa kitenzi. Katika « balipigwa » mtenda hayupo. Walipigwa na nani? Na Yugoslavia peke yake? Kiambishi -w- hakitulazimishi kujibu, kwa hiyo hatuulizi fedha zilikwenda wapi wala nani alitoa vitisho. Kinachofuata ni « balituletea haya »: hapa wachezaji wamerudi kuwa watenda, na « sisi » tumekuwa watendwa. Kwa vitenzi viwili lawama imepata mwenyewe.

Mtu anaweza kunipinga kwamba wa- ni nafsi ya kawaida tu ya watu walio mbali. Ni kweli. Lakini Cairo nayo ilikuwa mbali, na huko tulikuwa « sisi ».

Matokeo yake hayakubaki kwenye maneno. Mwaka 1998, kwenye Kombe la Afrika huko Burkina Faso, watu walisimama kimya dakika moja kumkumbuka Ndaye Mulamba. Ndaye alikuwa hai, anaishi Afrika Kusini. Alifariki huko mwaka 2019. Mtu aliyetufungia mabao tisa alikuwa amesogezwa mbali kiasi kwamba hatukujua kama anapumua.

Kabla sijaondoka Mangobo nilimsomea baba mkubwa sentensi zake mbili kutoka kwenye daftari. Alicheka, kisha akanyamaza. « Andika basi tulipigwa, » akasema. « Mimi nilicheza ngoma barabarani mwezi wa tatu. Siwezi kutoka mwezi wa sita. »

Kwa wenzangu wa isimu, zoezi ni rahisi: siku TS Malekesa wanapocheza, kaeni na daftari kwenye lango la uwanja wa Lumumba, mhesabu tu- na ba- za watu wanaotoka. Matokeo ya mechi mtayajua bila kuuliza.