Mwanafunzi wa Saikolojia katika Kliniki ya Afya ya Akili

Mwanafunzi wa chuo kikuu anayesomea saikolojia anapopelekwa kwenye kliniki ya afya ya akili kujifunza utafiti kwa vitendo, jamaa zake hudhani kwamba amekwenda kutibu wendawazimu. La hasha. Mwanafunzi huyu hatibu mtu, haandiki dawa, wala haruhusiwi kumtajia mgonjwa jina la ugonjwa wake. Kazi yake ni kupima. Na kupima kitu kisichoonekana wala kushikika ni kazi ngumu kuliko vijana wengi wanavyofikiri.

Anayetafuta vijidudu vya malaria ana hadubini. Anayechunguza sonona, yaani huzuni nzito isiyombanduka mtu, hutegemea zaidi maneno. Hojaji moja inayotumika sana duniani, iitwayo PHQ-9, ilichapishwa mwaka 2001. Ina maswali 9 kuhusu hali ya mtu katika majuma mawili yaliyopita: usingizi, hamu ya chakula, uchovu na mengineyo. Kila jibu hupewa alama kuanzia 0 hadi 3, hivyo jumla haiwezi kuzidi 27. Kwa kawaida anayefikisha 10 huchunguzwa zaidi na mtaalamu. Alama hizo peke yake hazithibitishi ugonjwa.

Shida ya kwanza ni lugha. Nilipokuwa nikisoma ng'ambo nilizoea kumwuliza mtu moja kwa moja kama ana huzuni. Niliporudi nyumbani nilijibiwa kwamba huzuni hakuna, ila moyo unakwenda mbio, kichwa kinawaka moto na mawazo ni mengi. Nchini Zimbabwe watafiti walilitambua jambo hili mapema. Washona wana neno lao, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi; na hojaji ya maswali 14 iliyotungwa kwa kufuata usemi wa Washona wenyewe ilichapishwa mwaka 1997. Kwa hiyo hojaji ya kigeni hufasiriwa na mtu mmoja, kisha mwingine asiyeijua ile ya asili huirudisha katika lugha ya kwanza, na tofauti zinazojitokeza hujadiliwa neno kwa neno. Mwanafunzi wangu aweza kumaliza juma zima katika shughuli hiyo, naye hunung'unika.

Shida ya pili ni hesabu, na wanafunzi wa sekondari wanaimudu. Tuseme wapimaji wawili wamesoma majibu ya watu 100, kila mmoja peke yake, na kila mmoja akasema kwamba watu 80 wanastahili kuchunguzwa zaidi. Wamekubaliana juu ya watu 84. Je, si vizuri? Ngoja kwanza. Hata kama wangebahatisha tu, wangekubaliana mara 0.8 × 0.8 kwa upande wa "ndiyo", na mara 0.2 × 0.2 kwa upande wa "hapana", jumla 0.68. Makubaliano yaliyopita bahati ni 0.84 kutoa 0.68, yaani 0.16, nayo yakigawanywa kwa nafasi iliyosalia, 0.32, tunapata 0.5 tu. Kipimo hiki huitwa kapa, na kilitolewa na Jacob Cohen mwaka 1960. Yule kijana aliyekuwa akijivunia asilimia 84 sasa anaona kuwa amefika nusu ya safari.

Kabla ya swali lolote, mgonjwa huombwa ridhaa, na huelezwa kwamba akikataa matibabu yake hayatapungua hata kidogo. Jina lake hufungiwa kabati moja na majibu yake kabati jingine, yakiunganishwa kwa namba tu.

Lakini liko swali la tisa. Huuliza kama mtu amekuwa akiona ni heri angekufa, au akiwaza kujidhuru. Akijibu "ndiyo", hata kwa alama 1, siri ile ina mpaka wake, na mgonjwa alikwisha kuelezwa hivyo tangu mwanzo. Mwanafunzi huiweka kalamu chini. Hamwachi mgonjwa peke yake, hamkemei, wala hamhubirii. Humwita mwuguzi au daktari papo hapo, aje azungumze naye. Utafiti utasubiri. Nami nimewaagiza wanafunzi wangu kwamba siku ambayo hakuna mtaalamu wa kuitwa katika jengo lile, hojaji zisifunguliwe kabisa.