Wahamaji Walikaa Katikati Miaka Saba

Wakazi wa kijiji cha Silanga, Kibera, waliwaona majirani zao wa kijiji cha Soweto Mashariki wakifunga virago. Ilikuwa Septemba 2009. Serikali, ikishirikiana na UN-Habitat katika mpango wa kuboresha mitaa ya mabanda, iliwahamishia Lang'ata ili mabanda yao yabomolewe na nyumba za kudumu zijengwe papo hapo. Lang'ata palikuwa na maghorofa 17 yenye nyumba 600 za vyumba vitatu. Yalikuwa makao ya muda tu, lakini watu waliyabandika jina: Nchi ya Ahadi.

Katika makao hayo ya muda ndipo kosa la uongozi lilipoanzia, nami sioni kama ni kosa la waliohama. Mmarekani William Bridges, aliyewashauri mameneja kuhusu mabadiliko kwa miaka mingi, alisema kuhama kwa nje hufanyika siku moja, lakini kuhama kwa moyoni hupitia hatua tatu: kuachana na ya zamani, kukaa katikati pasipo hapa wala pale, kisha kuanza upya. Mfano wake mmoja ni Musa. Waisraeli walitoka Misri upesi, ila jangwani walikaa miaka arobaini. Kwa kipimo hicho, Lang'ata ilikuwa jangwa lililoitwa Nchi ya Ahadi. Mtu akiamini amefika, kila siku ya kungoja inakuwa ahadi iliyovunjwa.

Na walingoja kwelikweli. Baadhi ya landilodi na wakazi walikwenda mahakamani kupinga ubomoaji, ujenzi ukakwama, na kazi ikaanza 2012. Rais Uhuru Kenyatta alizindua nyumba mpya 822 Julai 2016. Katikati ya tarehe hizo, maisha yaliendelea ndani ya nyumba za Lang'ata: familia moja chumba kimoja, jiko na choo vikitumiwa kwa pamoja. Watu ambao hawakuchaguana walilazimika kukubaliana nani aoshe choo leo, sufuria ya nani iondolewe mekoni, na zamu ya kuchota maji ni ya nani. Mama aliyekuwa akiuza mandazi mlangoni pake hakuwa na mlango wa kuuzia akiwa ghorofani. Wengine walipangisha vyumba vyao kwa watu wa nje wakarudi Kibera, na lawama zikawaangukia: hawa hawataki maendeleo! Mimi naona walipiga hesabu tu. Kodi ya chumba iliingia mkononi mwezi ule ule, ilhali nyumba mpya haikuwa na tarehe.

Viongozi wengi hujitahidi mwanzoni na mwishoni. Kuna kukata utepe, kuna hotuba, kuna picha. Katikati huachwa patupu, na uvumi huingia kwenye utupu huo kabla ya chifu kuitisha baraza. Mabadiliko yanapokwama, kiongozi hunyamaza kwa sababu hana habari njema. Ni hapo hasa anapotakiwa kujitokeza, siku ile ile ya juma, mahali pale pale, aseme: kesi bado iko kortini, hatujaanza, majina yenu yako kwenye orodha, na orodha ni hii. Orodha iliyobandikwa ukutani, mtu akaona jina lake na namba ya kitambulisho, hutuliza kuliko hotuba ya waziri.

Mwanzo nao ukirukwa, hakuna katikati itakayosaidia. Tarehe 23 Julai 2018, asubuhi na mapema, matingatinga yaliingia Kibera kufungua njia ya barabara ya kuunganisha Ngong na Lang'ata. Nyumba na shule zilianguka, na maelfu walibaki nje na magodoro yao. Walitenganishwa na ya zamani bila kuagana nayo. Hapo hapo Kibera, pale reli inapopita, mambo yalikwenda tofauti. Notisi ya 2004 ya kuwaondoa waliojenga kandokando ya njia ya treni ilizua kelele, ikasitishwa, kisha wakazi wenyewe, kupitia shirikisho lao, Muungano wa Wanavijiji, wakashiriki kuhesabu nyumba na vibanda. Kazi hiyo ilichukua miaka, nayo ilikuwa na mapungufu yake, ila mama mboga alijua kibanda chake kimeandikwa.

Haya si ya serikali peke yake. Shule ndogo inayobadilisha mfumo wa karo, zahanati inayohamia jengo jingine, shirika ambalo mfadhili wake ameondoka na nusu ya wafanyakazi wamepewa likizo isiyo na tarehe, wote watapitia jangwa hilo. Mwalimu anayekunja uso mkutanini huenda hapingi mfumo mpya. Huenda anawaza kama mkataba wake utafika Desemba, na hakuna aliyethubutu kumwambia.

Basi kama wewe ni mwenyekiti, mkuu wa shule au meneja, na mwezi ujao unatangaza mabadiliko, jibu kwanza maswali mawili kwa maandishi: watu wataishije kati ya tangazo na matokeo, na nani atawapa habari kila juma hata kama habari hakuna? Ukikosa jibu, ahirisha tangazo.