PS au kompyuta? Mpakani hesabu ni nyingine

Katika vitabu vya forodha, PlayStation na kompyuta hazikai nyumba moja. Kompyuta imo sura ya 84, pamoja na mitambo na mashine za kazi. PlayStation imo sura ya 95, pamoja na wanasesere, karata na vifaa vya michezo. Ukizifungua, zote mbili zina prosesa, memori na diski, na kijana anayecheza mpira kwenye skrini hajali ipi ni ipi. Mfanyabiashara hujali, tena sana, siku anapofika dirishani na mzigo.

Ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unaiweka mashine ya gemu kwenye asilimia 25. Kompyuta, iwe ya mezani au mpakato, iko kwenye asilimia 0. Kwa hiyo PS iliyothaminiwa dola 200 inadaiwa dola 50 kabla kodi nyingine hazijaguswa. Halafu VAT hukokotolewa juu ya thamani pamoja na ushuru, maana yake zile dola 50 nazo zinakatwa kodi. Kompyuta ya dola 200 hulipiwa VAT pale inapotozwa, na tozo ndogondogo za nchi husika, lakini ngazi ya ushuru inairuka.

Vijana wanapobishana kuhusu PS na kompyuta, hubishania picha nzuri na kasi. Mwenye mtaji mdogo ana swali jingine: kati ya hizi mbili, ipi itamrudishia fedha kabla ya safari ijayo?

Kabla ya kujibu, kuna kosa moja linalowaumiza wengi. Wafanyabiashara wadogo wameuzoea utaratibu rahisi wa Jumuiya, ule wa mzigo usiozidi dola 2,000 unaopita kwa cheti cha asili kilichorahisishwa. Umewasaidia wauza mahindi, mchele, vitenge na sabuni. Ila cheti hicho ni cha bidhaa iliyozalishwa ndani ya nchi wanachama, na PlayStation haijatengenezwa Thika wala Mwanza. Mtu anayenunua mashine nne Luthuli Avenue, Nairobi, akaja nazo Namanga akiwa na risiti ya duka, ana ushahidi wa bei tu. Risiti haigeuki kuwa cheti cha asili, hata kama muuzaji aliapa kwamba "ushuru wa Afrika Mashariki umeshalipwa". Wanaokimbilia njia za panya kwa sababu hiyo huhatarisha mtaji mzima kwa ajili ya robo yake. Mashine nne zikikamatwa, faida ya mizigo kadhaa iliyotangulia imekwenda nazo.

Kwa ushuru peke yake, basi, kompyuta inashinda. Sokoni mambo hugeuka.

Mteja mkubwa wa PS katika miji ya mpakani ni mwenye kibanda cha gemu. Biashara yake inaeleweka kirahisi: televisheni, mashine, pedi mbili, benchi, na vijana wanaolipa kwa mechi. Aliyefungwa anainuka, mwingine anakaa. Mashine moja inahudumia watu wawili kwa wakati mmoja, na wanaosubiri ndio matangazo yake. Kompyuta ya gemu haijazoea maisha hayo. Imezoea mtu mmoja, kibodi moja, kipanya kimoja, na kiti kinachokaliwa saa tatu. Mwenye kibanda akiulizwa anataka nini, hajibu kwa kutaja prosesa. Anataka mpira.

Mpira huo kwa miaka mingi uliitwa FIFA. Tangu Septemba 2023 unauzwa kwa jina la EA Sports FC, ingawa vibandani jina la zamani halijafa. Jambo la kumfurahisha mchuuzi ni kwamba hata FC 26, iliyotoka Septemba 2025, ilitolewa pia kwa PS4, mashine iliyoingia sokoni mwaka 2013. Ndiyo maana PS4 iliyotumika bado ni farasi wa biashara hii. PS3 ilikoma kwenye FIFA 19, na PS2 kwenye FIFA 14. Mashine hizo za zamani bado zinaweza kupata mnunuzi katika vituo vidogo, kwa bei ya chini, ila zinauzwa kwa anayejua kwamba wachezaji aliowazoea kwenye runinga hatawakuta kwenye vilabu vyao vya sasa.

PS5 nayo ina tabia yake. Kwa kawaida mashine ya gemu hushuka bei kadiri inavyozeeka. Hii ilianza kuuzwa Marekani Novemba 2020 kwa dola 499.99 yenye sehemu ya diski, na Agosti 2025 bei hiyo hiyo ya Marekani ikapandishwa kufikia dola 549.99. Aliyeweka akiba ya PS5 mpya dukani hakupoteza. Lakini aliyeleta toleo lisilo na sehemu ya diski, kwa sababu lilikuwa rahisi zaidi, huenda bado analitazama kwenye rafu.

Sababu yake inafaa kuelezwa taratibu. Gemu za mashine isiyo na diski hununuliwa kwenye duka la mtandaoni la Sony. Mtu wa Arusha, Mbarara au Rubavu anapofungua akaunti huko, haioni nchi yake kwenye orodha. Kusini mwa Sahara iliyomo ni Afrika Kusini. Hulazimika kujiandikisha kama mkazi wa Marekani, Uingereza au kwingineko, kisha atafute kadi za malipo za nchi hiyo hiyo, kwa sababu kadi ya Uingereza haiingii kwenye akaunti ya Marekani. Mwenye kibanda hana muda wa shughuli hiyo. Diski anaishika mkononi, anaiingiza, anacheza. Akiichoka anaiuza au anaibadilisha. Na diski za PS4 na PS5 hazibagui nchi: iliyonunuliwa Dubai inachezeka Bujumbura. Zile za PS2 zilikuwa zinabagua.

Upande wa kompyuta, diski karibu zimetoweka. Gemu hununuliwa kwenye maduka ya mtandaoni kama Steam, ambayo humpokea mteja wa Dar es Salaam au Kigali bila kumlazimisha kujifanya mkazi wa kwingine. Hilo ni jema. Gharama iko kwenye bando. FC 24 pekee iliomba nafasi ya GB 100 kwenye kompyuta, na asiye na intaneti ya waya atalihisi hilo mfukoni. Zaidi ya hapo, gemu iliyonunuliwa Steam haiuziki tena. Inakufa na akaunti ya mwenyewe.

Nani basi anunue kompyuta ya gemu? Mwanafunzi wa chuo. Mhariri wa video za harusi. Mwenye duka la kuchapa barua ambaye jioni hugeuza meza mbili kuwa za gemu. Hawa wanataka kifaa kinachofanya kazi mchana na kucheza usiku, na kwao kompyuta ni bora kwa mbali. Mzazi aliyekataa katakata kununua PS anaweza kukubali kompyuta, akiambiwa ni ya masomo (na kwa nusu ya siku huwa ni kweli).

Tatizo ni kwamba wateja hawa hawafanani. Mmoja anataka mpakato, mwingine ya mezani, wa tatu ana kadi fulani ya grafiki aliyoiona YouTube. Kompyuta ya gemu iliyoletwa bila oda inaweza kukaa miezi ikishuka thamani. PS4 haina maswali mengi. Kwa hiyo lile pengo la asilimia 25 mara nyingi hulipwa na kasi ya mauzo, na anayetazama ushuru peke yake hujikuta na mzigo uliopita mpakani kwa urahisi na kukwama dukani.

Ipo njia ya katikati inayotumiwa na mafundi: kuchukua kompyuta ya ofisi iliyotumika, Dell au HP, na kuiongezea kadi ya grafiki. Inafanya kazi, kwa masharti. Kasha likiwa jembamba, linahitaji kadi fupi ya aina yake. Pawasaplai ya kompyuta za ofisi mara nyingi ni dogo na halina waya wa ziada wa kulisha kadi, kwa hiyo hufaa zile zinazotosheka na wati 75 za kwenye ubao, kama GTX 1050 Ti nyingi. Fundi akifunga kadi kubwa humo, kompyuta itawaka dukani, itaonyesha picha safi, kisha itajizima nyumbani kwa mteja katikati ya gemu. Kadi za mitumba nazo zina historia. Septemba 2022, sarafu ya Ethereum ilipoacha kuchimbwa kwa kadi za grafiki, kadi nyingi zilizofanya kazi usiku na mchana ziliingia sokoni. Si zote mbovu, lakini feni zake zinafaa kusikilizwa kabla ya fedha kutoka.

PS iliyotumika hukaguliwa haraka zaidi. Tundu la HDMI ndilo la kwanza: likilegea au likiwa na alama ya moto, picha itakatika wiki ya pili. Kisha diski iingie na kutoka, mara tatu si mara moja. Vijiti vya pedi viachwe vimesimama huku mchezaji wa skrini akitazamwa. Akitembea mwenyewe, pedi imechoka. Mwisho, mashine iunganishwe na simu na kuingizwa kwenye mtandao wa Sony. Ipo mashine inayowaka vizuri kabisa lakini imefungiwa na kampuni isiingie mtandaoni, na muuzaji hatasema. Zile "zilizofunguliwa" ili zicheze gemu za kunakili hazifai kuunganishwa mtandaoni, na anayeziuza kwa bei ya zile safi anamuibia mwenzake.

Umeme ndio unaounguza mitaji kimyakimya. Eneo hili lote linatumia volti 220 hadi 240. PS2 nene ya Japani ni ya volti 100, na ya Marekani ni ya 120. Ikichomekwa moja kwa moja, imekwenda. Kompyuta za mezani za zamani zina swichi ndogo nyekundu nyuma, 115 na 230. Iliyotoka Marekani huja ikiwa 115, na mlio wake ikiwashwa hapa hausahauliki. Kukagua swichi hiyo ni kazi ya sekunde mbili. Kwa wenye vibanda vya jenereta au sola, namba nyingine ni wati: kibandiko cha PS4 Slim kinasema 165, PS5 ya kwanza 350, na kompyuta nyingi za gemu hufungwa pawasaplai la 500 na kuendelea. Matumizi halisi huwa chini ya hapo, lakini jenereta huchaguliwa kwa kilele.

Plagi ni jambo dogo lenye usumbufu mkubwa. Kenya, Uganda na Tanzania hutumia miguu mitatu bapa. Rwanda, Burundi na Kongo hutumia ya miguu ya duara. Anayevuka Gatuna au Rusumo na mashine kumi bila nyaya za upande wa pili hupoteza siku akitafuta adapta. Waya wa PS4 Slim na PS5 ni ule mwembamba wenye kichwa cha umbo la nane, wa kompyuta ya mezani ni ule mnene wa kawaida, na yote miwili ni bei ya soda chache ikinunuliwa kwa wingi.

Kwa mwenye mtaji usiotosha mashine hata mbili, pedi na vipuri vyake ndivyo vinavyozunguka kila wiki, kwa sababu kibandani pedi hufa kabla ya kitu kingine chochote. Pedi halisi ya PS4 huunganishwa pia na kompyuta kwa waya au Bluetooth, na Steam inaitambua tangu mwishoni mwa 2016. Kwa gemu za PS5 haikubaliki, zinataka pedi yake yenyewe. Hilo ni vyema mteja aambiwe kabla hajafika kwake.