Kukabia juu: kazi ya mawinga wa Klopp

Tarehe 14 Januari 2018, Manchester City walifika Anfield wakiwa hawajapoteza hata mechi moja ya ligi msimu ule. Kipindi cha pili kilianza kwa 1-1. Kati ya dakika ya 59 na 68 Liverpool wakapachika mabao matatu, na mechi ikaisha 4-3. Wengi husema Liverpool walishinda kwa mbio. Kwangu mimi, walishinda kwa namna walivyosimama kabla ya kukimbia.

Timu zote mbili zilicheza 4-3-3. City ya Pep Guardiola ilianzisha mpira kwa kipa Ederson na mabeki wa kati John Stones na Nicolás Otamendi. Mabeki wa pembeni walitanua uwanja, na Fernandinho akasubiri pasi mbele yao. Timu nyingi zikikabia juu, yaani kuwakaba wapinzani karibu na lango lao, humtuma namba tisa kwa mabeki wa kati, mawinga wakabaki na mabeki wa pembeni. Jürgen Klopp, kocha wa Liverpool wakati huo, aliligeuza jambo hilo. Roberto Firmino alikaa karibu na Fernandinho kumnyima mpira, na waliowafuata mabeki wa kati wakawa mawinga Mohamed Salah na Sadio Mané. Walikimbia kwa kupinda, wakitokea upande wa nje, hivyo beki akitaka kumpasia mwenzake wa pembeni anamkuta winga ameziba njia.

Palipobaki wazi ni katikati, na palibaki wazi kwa makusudi. Dema la mvuvi hufanya kazi hivyo hivyo: mdomo uko wazi, samaki anaingia mwenyewe. Mpira ukipigwa pale, Emre Can, Georginio Wijnaldum na Alex Oxlade-Chamberlain wanaufikia pamoja na anayeupokea. Haya yote yanadai mabeki nao wapande, la sivyo nyuma ya viungo panabaki uwanja mtupu. Wazo hilo ni la zamani: Arrigo Sacchi, aliyeipa AC Milan Kombe la Ulaya mwaka 1989 na 1990, alitaka timu yake nzima, kutoka beki wa mwisho hadi mshambuliaji, ijibane ndani ya mita 25 hadi 30.

Uzuri wa mpango wa Klopp ni kwamba mkao wa kukaba ndio huo huo mkao wa kushambulia. Mpira unapopokonywa, Salah na Mané tayari wako ndani, karibu na lango, huku mabeki wa pembeni wa wapinzani wakiwa mbali kwenye mistari. Hakuna haja ya pasi kumi. Katika bao la tatu, Salah alimpokonya Otamendi, akamgusia Mané, Mané akaachia shuti. La nne lilitokana na Ederson kutoka langoni na kuondosha mpira vibaya. Ulimfikia Salah, naye akaurudisha juu kwa juu hadi wavuni.

Mashabiki wanaikumbuka zaidi ile dakika ambayo beki wa kushoto Andrew Robertson aliwakimbiza wachezaji wa City mmoja baada ya mwingine hadi kwa kipa. Ilisisimua kweli, lakini ulikuwa moyo wa mtu mmoja. Kijana anayejifunza ukocha atafaidika zaidi akiutazama mpindo wa Salah.

Gharama ya mpango wa Klopp nayo ilionekana siku ile ile. Miguu ilipochoka, City walifunga dakika ya 84 na tena katika muda wa nyongeza. Mwezi Aprili, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, Guardiola alirudi Anfield akiwa amemwanzisha İlkay Gündoğan na kumweka Raheem Sterling benchi, ili aongeze kiungo. Alifungwa 3-0, mabao yote yakiingia ndani ya dakika 31. Oktoba mwaka huo alikuja kwa tahadhari: City walituliza mchezo na hawakulazimisha pasi za hatari. Nafasi zilikuwa chache mno kwa pande zote, Riyad Mahrez akapaisha penalti dakika za mwisho, na safari hii ikawa 0-0.