Bunduki Kwetu na kwa Jirani Zetu

Mwezi huu twapenda kusema juu ya jambo lililotujia mlangoni kabla halijatujia kalamuni.

Usiku mmoja, baada ya sala ya Isha, alitujia mzazi wa watoto wawili tunaowasomesha chuoni petu hapa Endasak. Wiki ile alikuwa ameibiwa ng'ombe watano. Akatueleza ya kuwa fundi mmoja wa mbali amemwahidi gobore kwa thamani ya mtamba mmoja, naye ataka kujua sisi twaonaje. Tulimjibu upesi, kama wajibuvyo walimu wengi, ya kuwa silaha isiyo na leseni imekatazwa na serikali, na mtu mwema haiingizi nyumbani mwake. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa adabu kabisa, "Maalim, wewe huna ng'ombe." Akaaga, akaenda zake.

Neno lile lilitunyima usingizi, kwa kuwa lilikuwa kweli. Ndipo tukaanza kujiuliza kwa nini bunduki ile ile huwa aibu katika nchi moja, huwa pambo katika nchi ya pili, na katika nchi ya tatu ikawa kama mlango wa nyumba, kitu ambacho mtu hawezi kulala bila ya kuwa nacho. Watu husema ni tabia ya kabila: hawa ni watu wa vita, wale ni watu wa amani. Sisi hatuikubali kauli hiyo, na tutaeleza sababu yake.

Tuanze hapa chini ya mlima Hanang. Jirani zetu Wabarbaig hawakuijenga heshima yao juu ya bunduki. Zamani kijana aliyemuua simba kwa mkuki alizungushwa kwa jamaa zake, akapambwa, akatunukiwa ng'ombe, na jina lake likakaa midomoni mwa watu maisha yake yote. Jirani zetu Wairaqw, huko Mbulu, walikuwa na njia nyingine kabisa: walijenga nyumba zilizozama ardhini ubavuni mwa kilima, paa likalingana na majani, hata Wamasai wakija kuteka ng'ombe wasijue kama pana watu. Na magharibi, huko Yaeda Chini, Wahadzabe mpaka leo waishi kwa upinde na mshale. Basi katika nchi ambayo mtu aweza kuizunguka kwa siku chache, wako watu wa mkuki, watu wa kujificha na watu wa upinde, na hakuna hata mmoja aliyezaliwa na bunduki mkononi.

Gobore lenyewe kwetu ni chombo cha shamba zaidi kuliko cha vita. Hutiwa baruti kwa mdomo wa mtutu, hushindiliwa kitambaa, kisha marisau au vipande vya chuma, ndipo huwekwa fataki. Hupiga mara moja. Na mpaka mtu amalize kulishindilia tena, nguruwe aliyekuwa katika mahindi amekwisha kufika mtoni. Mengi yametengenezwa na mafundi kwa mabomba ya maji, nayo mara nyingine hupasuka usoni mwa mwenyewe. Tumepata kumwona mzee mmoja mwenye vidole viwili katika mkono wa kuume, wala hakupenda kuulizwa habari zake.

Sisi wenyewe asili yetu ni Kondoa, mji wa misafara. Huko bunduki iliingia pamoja na nguo na shanga, ikitoka pwani. Wafanyabiashara wa karne ya 19 walitembea na bunduki kwa mamia, na Hamed bin Muhammed el-Murjebi alieleza mwenyewe ya kuwa jina lake la Tippu Tip lilitokana na mlio wa bunduki zake. Katika mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalipatana huko Brussels kuzuia bunduki zisiuzwe kwa Waafrika. Wakazizuia kwetu, wakaja nazo wao. Mei 1916 Wajerumani na majeshi ya Waingereza kutoka Afrika Kusini walipigana Kondoa penyewe. Wengi wa askari wa Kijerumani walichukua bunduki za zamani za baruti nyeusi, ambazo moshi wake ulimwonyesha adui mahali walipolala. Wazee wetu waliyasimulia hayo kama mtu asimuliavyo njaa au nzige. Hatukupata kumsikia hata mmoja akiitamani bunduki.

Sasa na tutazame vita vya Kagera, kwa sababu hapo ndipo jambo hili linapoonekana wazi. Vita vilianza Oktoba 1978, na Kampala ikatwaliwa Aprili 1979. Vilipokwisha, bunduki nyingi zilipotea njiani zikaangukia mikononi mwa watu, huku kwetu na kule Uganda pia. Mbegu ilikuwa moja, lakini mavuno hayakuwa sawa.

Katika nchi ya Wasukuma na Wanyamwezi wezi wa ng'ombe walianza kuja na bunduki usiku. Wenyeji hawakwenda kutafuta bunduki zao. Mnamo mwaka 1982 walianzisha Sungusungu: kila nyumba ilitoa mtu na upinde, na mwano ukipigwa katika kijiji kimoja, kijiji cha pili kiliudaka, na cha tatu, mpaka mwizi akajikuta amezungukwa na watu mamia. Hatusemi Sungusungu hawakuwa na makosa. Walihukumu watu bila kadhi wala hakimu, na wako vikongwe waliodhulumiwa kwa tuhuma za uchawi. Lakini bunduki ya mwizi ilishindwa na yowe, kwa kuwa risasi zina hesabu.

Huko Karamoja, kaskazini mashariki ya Uganda, mambo yalikwenda kinyume. Wakaramoja walikuwa watu wa mkuki kama Wabarbaig wetu. Idi Amin alipoanguka mwaka 1979, askari wake waliikimbia kambi ya Moroto, na wenyeji wakaingia ghalani wakachukua bunduki kwa maelfu. Tangu hapo mchungaji wa Karamoja akawa mtu wa kwenda malishoni na bunduki begani, na aliyekuwa hana alikuwa windo la aliyekuwa nayo. Serikali ya Uganda ilianza kuzikusanya Desemba 2001, kisha ikarudi kwa nguvu mwaka 2006. Na hili ndilo lililotugusa zaidi: wale waliotangulia kutii wakasalimisha zao walivamiwa na jirani waliobaki nazo. Ng'ambo ya mpaka, katika nchi ya Waturkana na Wasamburu huko Kenya, hali ni ya namna hiyo hiyo; Novemba 2012 karibu na Baragoi polisi zaidi ya 40 waliuawa walipokuwa wakifuata ng'ombe walioibwa. Ikiwa polisi wenyewe wafa kwa wingi hivyo, mchungaji ataambiwa nini?

Wakurya wa Mara wako katikati. Wengi wao walipata kuwa askari, tangu zama za Mwingereza hata vita vya Kagera, na mpaka wa Kenya uko hatua chache kutoka zizini. Mahari yao ni ng'ombe wengi. Askari mstaafu, mpaka, na mahari: weka hayo matatu pamoja, msomaji, nawe utaona ya kuwa hapana haja ya kutaja damu ya kabila.

Pwani ni habari nyingine. Unguja katika zama za Sultani mlio wa mzinga ulikuwa mlio wa heshima. Makunduchi, siku ya Mwaka Kogwa, watu huondoa hasira zao kwa kupigana kwa migomba. Bunduki zilikuwa za serikali, zikakaa ghalani. Ndiyo sababu usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964 wapinduzi, wengi wao wakiwa na mapanga tu, waliziendea ghala za polisi kwanza, Ziwani na Mtoni. Na Wazanzibari waliohamia Oman baada ya hapo waliwakuta ndugu zao ambao kwao bunduki ni pambo: mwanamume huishika katika ngoma ya razha pamoja na upanga, kama avaavyo jambia kiunoni. Babu mmoja, lugha moja nyumbani, dini moja. Ng'ambo hii bunduki ni kitu cha kufungiwa, ng'ambo ile ni vazi la harusi.

Wala dini haiwezi kupewa lawama hiyo. Watafiti wa Small Arms Survey walikadiria mwaka 2018 ya kuwa Marekani ina bunduki za raia kama 120 kwa kila watu 100, na nchi iliyofuata ni Yemen, kama 53. Wamarekani huitegemea katiba yao, katika nyongeza ya mwaka 1791. Wayemeni huyategemea makabila yao. Hawana imani moja wala hawana lugha moja.

Basi tulipokwisha kuyapima hayo tulikwenda kwa yule mzazi, mchana, tukakaa naye zizini mwake. Tukamwambia ya kuwa tulimjibu vibaya. Hatukumtajia tena sheria ya mwaka 2015, kwani aijua. Tulimuuliza neno moja tu: siku mwizi akija, naye ana gobore lililofichwa darini, je, atapiga yowe? Akipiga yowe majirani watakuja, na nyuma yao polisi kutoka Katesh, na wote watalikuta. Asipopiga yowe, atakuwa peke yake gizani na risasi moja. Alifikiri sana. Akasema wezi wake walikuwa wanne.

Mama yake mzazi, aliyekuwa akikama mbuzi kando yetu, akauliza bila ya kuinua kichwa kitu hicho kitawekwa wapi katika nyumba ya vyumba viwili na watoto sita. Hakuna aliyemjibu. Mtamba haukuuzwa. Ng'ombe watano hawakupatikana, nasi hatutawadanganya wasomaji wetu kwa kusema walipatikana. Lakini nyumba tisa za upande ule zalinda kwa zamu sasa, na zamu ya Alhamisi tumepewa sisi, ingawa ng'ombe hatuna.

Limebaki la watoto. Wakati wa mapumziko huvunja mabua ya mahindi wakafanya bunduki, wakalengana vifuani. Zamani walifanya mikuki. Hatukuwapiga. Tuliwasomea mafundisho ya Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, yaliyopokewa na Bukhari na Muslim, ya kuwa apitaye msikitini au sokoni na mishale aishike kwenye vyembe vyake, asije akamdhuru Mwislamu. Na ya kuwa mtu asimwelekezee ndugu yake silaha, kwani hajui Shetani atafanya nini na mkono wake. Mtoto mmoja akauliza kama bua nalo ni silaha. Wakabishana kwa muda mrefu, na mwisho wakakata shauri wenyewe ya kuwa yote yaachwe nje ya mlango kabla ya kusoma. Tulipotoka adhuhuri tulimkuta mbuzi wa jirani amekwisha kuyala nusu yake.